Binti wa Mchimba Makaa

SAFU YA MWALIMU: WATU NA MAISHA YAO

Tunamshukuru Mungu tumefika mwezi mwingine, pamoja na mvua, matope na foleni zetu za mgao. Wengine mmenisimamisha njiani mkiuliza, "Mwalimu, mwezi huu utatuletea nani?" Leo nawaletea mama mmoja wa Marekani, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, anaitwa Loretta Lynn. Najua wengi hamjamsikia. Mie pia nilikuwa simjui. Lakini kabla sijafika kwake naomba niwaambie kwanza jambo lililotokea darasani kwangu, maana ndilo lililonifanya nimtafute.

Niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita insha ya nusu ukurasa: "Kazi ya baba au mama yangu." Usiku nikakaa na tochi kusahihisha, nikaanza kucheka peke yangu. Kumbe katika darasa langu wapo watoto wa madaktari, marubani, na mmoja eti baba yake ni mkurugenzi wa benki! Baba zao hao nawajua. Tunapanga nao foleni moja, na wengine tumechimba nao choo cha mtaa.

Daftari moja lilikuwa tupu. Tarehe ipo, kichwa cha insha kipo, kimepigiwa mstari kwa rula vizuri kabisa, halafu hakuna kitu. Ni la binti wa miaka kumi na tano, aliyechelewa masomo kwa sababu ya kukimbiakimbia vita, na kwa hesabu hakuna anayemfikia. Baba yake anauza makaa sokoni, kwa kopo na kwa ndoo. Wenzake wamempa jina, wanamwita Gunia.

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa mdomo gani? Mie mwenyewe, siku naandikishwa shule hapa, niliulizwa kazi ya baba nikajibu, "Mwalimu." Baba yangu hakuwa mwalimu. Alikuwa mchimba dhahabu kule Misisi, Fizi. Alikuwa akirudi nyumbani na matope mpaka masikioni, na watoto wa jirani wanacheka. Niliona haya. Baba alishafariki, na ile karatasi mpaka leo inasema mwalimu.

Basi, Jumapili moja nilikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu. Mwenye kibanda anapenda sana muziki wa kantri, ule wa gitaa na fidla. Ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba lakini imekaza. Nikauliza ni nani. Akaniambia, "Huyo ni mtoto wa mchimba makaa, na wimbo wenyewe ndivyo unavyoitwa." Nikashtuka. Mtu anasimama mbele ya dunia nzima anasema mimi ni mtoto wa makaa, na watu wanampigia makofi? Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari zake, kidogo kidogo, kila nilipopata mtandao.

Makaa yapi na muziki upi?

Kwanza tusichanganye mambo. Makaa ya huko Marekani ni makaa ya mawe. Hayachomwi kutoka kwenye miti kama haya yetu, yanachimbwa chini ya ardhi kama vile watu wa Kamituga na Misisi wanavyochimba dhahabu. Mchimbaji anaingia kwenye shimo gizani, anavuta vumbi jeusi, na vumbi lile linakaa kwenye mapafu miaka na miaka.

Muziki wa kantri nao ni muziki wa watu wa mashambani, hasa wa kusini mwa Marekani na kwenye milima inayoitwa Appalachia. Wazee wao waliotoka Uskoti, Ireland na Uingereza walikuja na fidla na hadithi zao za kuimba. Banjo, kile chombo cha nyuzi chenye ngozi kama ngoma, asili yake ni Afrika. Watu wetu waliopelekwa utumwani ndio waliofika nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia muziki huo hautuhusu kabisa, mwambie aangalie vizuri. Tangu mwaka 1925 kuna kipindi cha redio huko Nashville, jimbo la Tennessee, kinaitwa Grand Ole Opry, na mwimbaji wa kantri akishapanda jukwaa hilo, basi, amefika.

Nyumba ya kuta za magazeti

Loretta alizaliwa tarehe 14 Aprili 1932 mahali panapoitwa Butcher Hollow, bondeni kwenye milima ya Kentucky. Baba yake, Ted Webb, alichimba makaa kwenye migodi ya Van Lear na kulima kidogo. Mama yake aliitwa Clara. Watoto walikuwa wanane, Loretta wa pili.

Enzi hizo migodi mingi ya eneo lile ilikuwa mali ya kampuni, na duka ni la kampuni hiyohiyo. Mara nyingi mchimbaji alilipwa kwa sarafu za kampuni, na sarafu hizo hazikufaa kitu popote pengine ila dukani kwa kampuni. Nadhani sisi hapa hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kupewa kitu ambacho kinanunua mahali pamoja tu.

Umeme haukuwepo. Mama yake alibandika kurasa za magazeti na majarida ukutani ili kuzuia baridi, kama wengi wetu tulivyobandika. Kwenye ukuta huo ilikuwepo picha ya mwigizaji wa sinema aitwaye Loretta Young. Mtoto alipozaliwa akapewa jina hilo. Yaani jina lililokuja kujulikana dunia nzima lilitoka kwenye gazeti la kuzibia upepo!

Walikuwa na redio ya betri, na betri ilitunzwa. Jumamosi usiku ndipo ilipowashwa kusikiliza Grand Ole Opry kutoka Nashville. Mtoto alikaa karibu na redio akisikiliza watu asiowajua, na nadhani hakuna aliyefikiri kwamba siku moja sauti yake ndiyo itatoka humo.

Ndoa ya miaka kumi na tano

Hapa naomba wazazi tusikilizane vizuri. Loretta aliolewa tarehe 10 Januari 1948. Alikuwa na miaka kumi na tano. Bwana arusi, Oliver Lynn, aliyeitwa Doolittle, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ametoka jeshini. Walikutana kwenye sherehe ya shule ambapo wasichana walipika pai za kuuzwa kwa mnada. Doolittle akanunua ya Loretta, na kwa simulizi yake mwenyewe, alikuwa ameweka chumvi badala ya sukari. Inachekesha. Ila mtoto asiyejua bado kutofautisha chumvi na sukari jikoni, mwezi si mrefu akawa mke wa mtu.

Miaka mingi Loretta alisimulia kwamba aliolewa na miaka kumi na tatu. Mwaka 2012 waandishi wa habari wakapata cheti chake cha kuzaliwa na karatasi ya ndoa huko Kentucky, ikaonekana alikuwa na kumi na tano. Sisi ambao nusu ya kambi tumezaliwa tarehe 1 Januari kwenye karatasi hatuwezi kumcheka mtu kwa habari ya umri. Lakini hata kumi na tano ni mtoto.

Akiwa mjamzito, mume wake akamhamishia Custer, jimbo la Washington, upande mwingine kabisa wa nchi, maelfu ya kilomita kutoka kwa mama yake. Alipofika miaka ishirini alikuwa tayari na watoto wanne. Alifanya kazi za nyumba kwa watu, alichuma matunda mashambani, watoto wakiwa wamekalishwa kwenye blanketi pembeni ya shamba. Wale mama zetu wanaolima vibarua na mtoto mgongoni wanaijua picha hiyo.

Gitaa la dola 17

Alikuwa akiwaimbia watoto walale. Mume wake akasikia, akaona kuna kitu. Mwaka 1953 akamnunulia gitaa la dola 17. Hakukuwa na mwalimu. Alijifundisha mwenyewe, usiku kazi zikiisha, kidole kimoja kimoja. Baadaye akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe.

Nataka msomaji ulione hili vizuri. Alipogusa gitaa lake la kwanza alikuwa na miaka kama ishirini na mmoja, mama wa watoto wanne, shule aliiacha zamani. Hapa kambini nasikia watu wa umri huo wanasema, "Mwalimu, mie nimeshachelewa." Umechelewa nini?

Mume wake akaanza kumsukuma aimbe kwenye vilabu vya pombe, huku yeye anatetemeka kwa haya. Kaka yake akapiga gitaa kwenye bendi yao ndogo. Akashinda shindano moja kwenye kipindi cha televisheni huko Tacoma, na mfanyabiashara mmoja wa Kanada akavutiwa, akagharamia kurekodi. Mwaka 1960 ukatoka wimbo wake wa kwanza, aliutunga mwenyewe, "I'm a Honky Tonk Girl".

Kampuni ilikuwa ndogo, haina nguvu ya kutangaza. Basi wakafanya wenyewe. Walituma sahani za santuri kwa posta kwenye vituo vya redio pamoja na picha yake, kisha wakaingia kwenye gari lao, kituo hadi kituo, mji hadi mji, wakiomba wimbo upigwe. Walilala humohumo garini. Wimbo ukapanda mpaka namba 14 kwenye orodha ya nyimbo za kantri za nchi nzima. Oktoba mwaka huohuo akaimba kwenye Grand Ole Opry, ileile ya redio ya betri. Mwaka 1962 akawa mwanachama wake rasmi.

Huko Nashville alipata rafiki wa kweli, Patsy Cline, ambaye wakati ule alikuwa tayari na jina kubwa. Mwaka 1961 Patsy alipata ajali mbaya ya gari. Akiwa amelazwa akamsikia Loretta redioni akimwimbia wimbo wake, akaomba aletwe hospitalini. Tangu hapo akamfundisha mengi, mavazi, jukwaa, namna ya kusimama mbele ya wenye kazi. Patsy angeweza kuona huyu ni mshindani, lakini alimshika mkono. Tarehe 5 Machi 1963 Patsy akafa kwenye ajali ya ndege. Loretta alipojifungua mapacha mwaka 1964, mmoja akamwita Patsy.

Alichokiandika

Nyimbo nyingi za wanawake enzi zile zilikuwa za kulia na kusubiri. Loretta akaleta maneno ya jikoni na ya kisimani, yale wanawake wanayoambiana wakiwa peke yao. Mume mlevi anayerudi usiku wa manane akitaka mapenzi, mwanamke wa pembeni, uchovu wa kuzaa kila mwaka. Hakuvaa maneno ya kuazima.

Alisimulia kwamba mwanamke mmoja alimfuata nyuma ya jukwaa akilia, mumewe amekuja kwenye onyesho na mwanamke mwingine. Loretta akamsikiliza, akamchungulia huyo mwingine, na kutoka hapo ukazaliwa wimbo wa mwaka 1966, "You Ain't Woman Enough". Mwaka 1967 wimbo wa kumkataza mume asirudi nyumbani amelewa, aliotunga na mdogo wake, ukawa wake wa kwanza kushika namba moja.

Mwaka 1975 ukatoka wimbo wake kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango. Vituo vingi vya redio vikakataa kuupiga. Hata hivyo ulifika namba 5. Kila mtu ana msimamo wake katika jambo hilo na safu hii haiingii nyumbani kwa mtu. Ninachosema mie ni kwamba aliyekuwa na watoto wanne kabla ya mwaka wa ishirini na moja alikuwa na haki ya kuliongelea kuliko wengi waliomkataza.

Mwaka 1972 chama cha muziki wa kantri kikampa tuzo yake kubwa kabisa, ya mtumbuizaji bora wa mwaka. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Kwa jumla nyimbo zake 16 zilishika namba moja kwenye kantri, tano kati ya hizo akiimba pamoja na Conway Twitty.

Wimbo wa baba

Sasa tufike kwenye ule wimbo niliousikia kibandani.

Mwaka 1969 Loretta alikuwa mtu mwenye jina, gari zuri, shamba kubwa Hurricane Mills huko Tennessee. Angeweza kusema ametoka popote. Badala yake akakaa akatunga wimbo unaosimulia nyumba ya bondeni, kazi ya baba yake usiku mgodini, mikono ya mama yake, umaskini wote bila kuficha. Akauita "Coal Miner's Daughter", yaani Binti wa Mchimba Makaa. Aliandika beti nyingi mno mpaka mtayarishaji wake, Owen Bradley, akamwambia azipunguze. Mtu akianza kusema kwao, hamalizi.

Wimbo ukatoka Oktoba 1970, na kufika Desemba ulikuwa namba moja. Ukawa ndio jina lake la pili. Mwaka 1976 akatoa kitabu cha maisha yake kwa jina hilohilo. Mwaka 1980 ikatengenezwa filamu, jina hilohilo tena, na mwigizaji Sissy Spacek akapata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza. Hata Maktaba ya Bunge la Marekani imeuweka wimbo huo kwenye orodha ya sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi.

Angalieni ajabu yake, ndugu zangu. Kitu ambacho mwingine angekifuta kwenye fomu, yeye akakiweka juu kabisa, na kikawa mali kuliko vitu vyote alivyokuwa navyo.

Lakini baba yake hakuusikia. Ted Webb alifariki mwaka 1959, akiwa na miaka 52 tu, mapafu yameharibika kwa vumbi la makaa. Ni mwaka mmoja kabla ya binti yake kurekodi wimbo wa kwanza. Hapo niliposoma nilizima simu nikakaa kimya. Nikaikumbuka ile karatasi yangu.

Gharama yake

Singekuwa mkweli nikiishia kwenye makofi. Safari za muziki zilimchukua miezi mingi kila mwaka, na wale mapacha walilelewa zaidi na baba yao. Mwenyewe alikiri kwamba jambo hilo lilimuuma. Doolittle, huyohuyo aliyenunua gitaa, alikuwa mlevi na mwenye wanawake wa nje, na walipigana ndani ya nyumba. Loretta ameyaeleza kwenye vitabu vyake bila kuficha. Hata hivyo alipougua aliacha maonyesho mengi ili kumwuguza, mpaka alipofariki mwaka 1996. Mwaka 1984 mtoto wake mkubwa wa kiume, Jack Benny, alizama akivuka mto na farasi. Alikuwa na miaka 34.

Kwa hiyo asitokee mzazi akasema, "Mwalimu ameandika kwamba yule aliolewa na kumi na tano na bado akafanikiwa, kwa hiyo wacha na wangu aolewe." Sikuandika hivyo. Alifanikiwa pamoja na ule mzigo, siyo kwa sababu ya mzigo. Kwa Loretta mmoja aliyetoka na gitaa, wangapi walibaki kule milimani na watoto wanne na hatujui hata majina yao? Binti zetu wamalize shule kwanza.

Uzeeni

Wengi wakifika miaka sabini wanaambiwa wapumzike. Loretta mwaka 2004, akiwa na miaka 72, alitoa albamu "Van Lear Rose", jina la mji wa migodi alikofanya kazi baba yake. Aliitengeneza na kijana wa muziki wa roki, Jack White, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Mwaka uliofuata ikapata tuzo mbili za Grammy. Mwaka 2013 Rais Obama akampa Nishani ya Uhuru, heshima ya juu kabisa ya raia nchini humo. Mwaka 2017 alipata kiharusi, na bado mwaka 2021, akikaribia miaka 89, akatoa albamu nyingine. Alifariki usingizini nyumbani kwake Hurricane Mills tarehe 4 Oktoba 2022, miaka 90.

Turudi darasani

Ijumaa moja niliwasimulia wanafunzi habari hizi zote. Nikawaambia insha ile tunaiandika upya. Kabla hawajaanza nikachukua chaki, nikaandika ubaoni ya kwangu: "Baba yangu alikuwa mchimba dhahabu Misisi." Nikaeleza alivyoingia shimoni na taa kichwani, alivyorudi na matope, alivyotuletea muwa siku akipata kitu. Nilimaliza ubao mzima. Darasa likawa kimya, halafu mtoto mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, na wewe?" Nikasema, "Na mie."

Wakaandika. Safari hii nilipata wauza samaki, washona viatu, waponda kokoto, mama wa mandazi, na baba mmoja ambaye mtoto wake aliandika kwa ukweli kabisa, "Baba hana kazi ila anatutania tukiwa na njaa." Rubani alibaki mmoja tu, huyo amekataa kushuka.

Na lile daftari tupu? Lilijaa, nusu ukurasa ukapita, likafika kurasa mbili. Sitaandika hapa yaliyomo, ni yake, na hajanipa ruhusa. Kichwa tu nitawaambia: "Makaa." Akasimama mwenyewe akaisoma mbele ya darasa, na tangu siku hiyo jina la Gunia silisikii tena.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni kununua makaa. Mzee akanipimia kopo mbili, halafu akaongeza la tatu juu. Nikamwambia, "Baba, nimelipia mbili." Akafuta mikono kwenye suruali, akaniangalia, akasema, "Chukua tu, Mwalimu. Nasikia siku hizi niko kwenye daftari."

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Watoto: mnajua baba na mama walifanya kazi gani kabla ya kukimbia? Waulizeni leo usiku.

2. Wazazi: ni kazi gani mliyoifanya ambayo hamjawahi kuwasimulia watoto? Kwa nini?

3. Loretta alianza kujifunza gitaa akiwa na watoto wanne. Katika nyumba yenu nani ana kitu alichotaka kujifunza akaacha? Mnaweza kumpunguzia kazi gani ili apate nusu saa kwa siku?

4. Kama mngetunga wimbo kuhusu kwenu, mstari wa kwanza ungekuwa na nini ndani yake? Mto? Mlima? Mtu?

Atakayeandika majibu yake anaweza kuniletea shuleni, hata kwa penseli, hata kwa Kibembe au Kifuliiru, tutasaidiana kuyatafsiri. Tukijaliwa tutaonana mwezi ujao.

Ni mimi, Mwalimu wenu wa darasa la sita, mtoto wa mchimba dhahabu.